Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaogombea Ukonseli wa Heshima

Wanangu,

Tangu mkutano wa jumuiya yetu nimenyamaza nikitumaini hasira yangu itatulia, lakini haikutulia. Mlibishana jioni nzima juu ya nani jina lake lipelekwe nyumbani ili ateuliwe kuwa konseli wa heshima, yaani mwakilishi asiyelipwa mshahara wa kusimamia mambo ya watu wetu hapa ugenini, na katika maneno yote yale nilisikia habari za bendera kwenye gari na kiti cha mbele harusini. Kijana wetu aliyeshikwa na polisi wiki ileile hakutajwa na yeyote. Mmoja wenu ameshachapisha kadi zenye nembo ya taifa, ilhali hajateuliwa, wala serikali ya nchi hii tunamoishi haijampa kibali.

Hicho mnachokigombania kilianzia Roma, na tangu siku ya kwanza kiliwekewa mipaka. Warumi walisimulia kwamba mwaka 509 kabla ya Kristo waliufukuza ufalme, wakaamua kwamba mamlaka yasikae tena mkononi mwa mtu mmoja. Wakachagua wakuu wawili wa dola, walioitwa makonseli, kwa mwaka mmoja tu, kila mmoja akiwa na haki ya kuizuia amri ya mwenzake. Walitanguliwa na watumishi 12 waliobeba mafungu ya fimbo yaliyochomekwa shoka, lakini ndani ya mji shoka ziliondolewa, kwa kuwa huko raia alikuwa na haki ya kukata rufaa kabla ya kuuawa. Mwaka wenyewe uliitwa kwa majina yao. Koo za mamwinyi zilikihodhi cheo hicho kwa muda mrefu, hadi mwaka 366 kabla ya Kristo alipokishika Lucius Sextius, mtu wa tabaka la chini.

Sasa sikilizeni kilivyoharibika, maana hapa ndipo ninapowaona ninyi. Tarehe 31 Desemba mwaka 45 kabla ya Kristo, konseli mmoja alifariki zikiwa zimebaki saa chache mwaka uishe, na Julius Caesar, aliyekuwa ameshajifanya bwana wa kila kitu, akampa Caninius Rebilus nafasi hiyo kwa saa zilizosalia. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, akaandika katika barua kwamba wakati wa ukonseli wa Rebilus hakuna aliyekula chakula cha asubuhi, na kwamba konseli huyo alikuwa macho kupita kiasi, kwani muda wake wote madarakani hakupata usingizi. Alitania, lakini katika barua hiyohiyo alisema kwamba anayeyaona mambo hayo kwa macho yake hawezi kuzuia machozi. Baadaye wafalme wakuu wa Roma waliwagawia makonseli jozi baada ya jozi ndani ya mwaka mmoja. Kazi ikayeyuka, zikabaki nguo za sherehe na gharama za michezo ya kuwafurahisha watu, mpaka mwaka 541 baada ya Kristo, Basilius alipokuwa raia wa mwisho asiye mfalme kukishika cheo hicho. Napoleon wa Ufaransa naye alijiita Konseli wa Kwanza mwaka 1799, akajifanya wa maisha mwaka 1802, na mwaka 1804 akawa mfalme mkuu: cheo kilichobuniwa ili kuzuia ufalme kikawa ngazi ya kuupandia.

Konseli wa leo amerithi jina hilo, ila kazi yake ilitoka bandarini, kwa wafanyabiashara wa Italia wa zama za kati waliokuwa na mtu wao Alexandria au Acre wa kuamua kesi zao na kulinda mali zao. Unguja tuliwafahamu: Richard Waters wa Marekani alifika mwaka 1837, akashika ofisi huku akifanya biashara yake, Hamerton wa Uingereza akafuata mwaka 1841, na mwaka 1896 Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, yaani ofisi ya konseli wao, jumba la sultani lilipopigwa mizinga na Waingereza. Wengi wao walitumikia tamaa za wakubwa wao. Hata hivyo Roger Casement, konseli wa Uingereza huko Kongo, alipanda mto mwaka 1903, akawasikiliza wenyeji waliokatwa mikono, na ripoti yake ya mwaka 1904 ikamfedhehesha Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo. Mwigeni huyo.

Mengine yameandikwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, mkataba wa mataifa juu ya kazi za makonseli, nanyi mnajua kusoma. Aliyekamatwa ana haki ya kuomba konseli wake aarifiwe. Kinga ya konseli wa heshima ni ya kazi za ofisi tu, haifuniki duka lake, wala mkewe na watoto. Nyaraka za ofisi zitengwe na karatasi za biashara.

Nanyi wazee wenzangu, pamoja na wakubwa huko nyumbani, ni sisi tuliowafundisha vijana hawa kwamba heshima humfuata mwenye fedha za kuchangia karamu.

Katika mkutano ujao, kila anayekitaka cheo hiki alete kwa maandishi saa za kufungua ofisi, jina la atakayepokea simu usiku, na ahadi ya kuachia nafasi baada ya muda maalumu. Asiyeleta, nitasimama kulipinga jina lake mbele yake.

Mzee wenu