Shukrani kwa mzee aliyeokoa misindano yetu Njombe

Shikamoo mzee wangu. Jina lako hukutuachia, basi acha nikushukuru mbele za watu.

Misindano, yaani miti ya paina, tuliyopanda kuzunguka nyumba ilikuwa imedumaa, majani ya njano, na majirani walishatushauri tuing'oe tuweke parachichi. Wewe ulikuwa unapita tu na jembe begani. Ukapiga hodi.

Ulichimbua mche mmoja uliokufa, ukatuonyesha mizizi yake mitupu. Ukatueleza kwamba msindano haujilishi peke yake: kuna kuvu wanaoishi mizizini mwake na kuusaidia kufyonza maji na kirutubisho cha fosforasi, na shamba lililolimwa mahindi miaka yote linaweza lisiwe nao. Kesho yake asubuhi ukarudi na kiroba cha udongo uliouchota chini ya misindano mikongwe, una nyuzi nyeupe za kuvu hao, nyembamba kama za buibui. Ukatifua kando ya kila mche kwa mkono, si kwa jembe, ili usikate mizizi. Ukachanganya udongo ule, ukamwagilia, ukatandaza majani makavu ya msindano juu, ukiacha shina wazi lisije likaoza. Hela ulikataa kabisa. Ulikunywa chai, ukaenda zako.

Leo ncha zimechipua, kijani kibichi, na mama anakutaja kila akisali. Mungu akuzidishie, mzee wangu.

Na nyinyi wenye misindano mikubwa, jirani akihangaika na miche yake, mpeni ndoo ya udongo wa chini ya miti yenu.