Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: ndoo ya kuchotea tope ninayo

Mheshimiwa Waziri, salamu na heshima zako.

Nimevumilia sana lakini juzi nimeamka nikakuta mto umekuwa rangi ya chungwa tena, nikaloweka mashuka kabla sijaangalia vizuri na sasa yote yana kutu. Ng'ombe kainama akanusa, akarudi nyuma. Ng'ombe, Mheshimiwa, ana akili kuliko mimi.

Ulikata utepe pale bwawani ukasema bakteria watasafisha maji ya mgodi, tukapiga makofi. Na siipingi sayansi, wapo kweli, wanakula salfeti (chumvi ya salfa iliyoyeyuka majini) wanatoa ile gesi ya yai viza, gesi inanasa shaba na zinki zinazama chini kuwa tope jeusi, na ukali wa maji, yaani tindikali, unapungua. Wakati wa joto harufu tuliisikia, mara ya kwanza maishani nafurahia kunuka! Baridi ilipoingia harufu ikakata, baada ya hapo ndio mto ukawa hivi.

Nahisi mlinunua bakteria waliozoea nyuzi 30 mkawamwaga kwenye maji ya nyuzi 5 yenye pH 3 (kipimo cha ukali, namba ikishuka ukali unazidi). Hata wewe ungegoma.

Wanaoweza wapo. Acidithiobacillus ferrivorans, katambulishwa rasmi tangu 2010, anakua hata kwenye nyuzi 4 na maji makali ndio kwao, anageuza chuma kilichoyeyuka ili kigande kitulie bwawani (ila akae bwawani tu, maana kwenye mwamba wa pairaiti (madini ya chuma na salfa) huyuhuyu anaongeza tindikali). Kisha chokaa kidogo ya kupunguza ukali, anaingia Desulfosporosinus acididurans wa kula salfeti, anaanzia pH 3.8. Huyo baridi haipendi, chini ya nyuzi 15 hakui, kwa hiyo bwawa lake lifukieni kwenye udongo. Mlijenga la wazi, likaganda, sijui nani alichora.

Ofisi yako nimeenda mara nne naambiwa "linafanyiwa kazi". Na nani, hao bakteria waliokufa?

Sitaki fidia ya mashuka, basi. Naomba mtu mmoja tu mwenye chupa aje mdomo wa mgodi achote lile tope, naamini waliomo humo wameshazoea baridi na ukali wote huu bila zabuni, wakuzwe hao. Mtu mmoja Mheshimiwa. Kama chupa hamna, ndoo ninayo, nayo ina kutu tayari.