Zawadi mbaya inauma, msituite watu wa tamaa

Ndugu mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa kwamba mtu anayelalamikia zawadi aliyopewa na mpenzi wake ni mtu wa tamaa, hana shukrani, aachwe ajinunulie mwenyewe, akamalizia na kutoa ni moyo usambe ni utajiri. Barua ile niliisoma mara mbili na ilinigusa pabaya, nikaona nikikaa kimya nitakuwa nimekubali.

Mi ni mwanaume, huu ni mwaka wa 9 nimeoa. Natanguliza hilo kwa sababu watu wakisikia mambo ya zawadi wanajua tu anaongea mwanamke aliyekosa dhahabu. Mi nina aleji ya manukato, nikikaa karibu na mtu aliyejipulizia pafyumu kali napiga chafya mpaka macho yanavimba, na mke wangu anajua, yeye ndo alinitoa ukumbini kwenye harusi ya watu nikiwa nahema kwa shida akanipeleka nje nipate hewa. Sasa besidei yangu ya kwanza ndani ya ndoa akanipa boksi zuri, limefungwa na riboni, nafungua nakuta pafyumu. Chupa nzito, ya gharama, unaona kabisa mtu kajibana kuipata. Watu wametuzunguka wanatuangalia, nikacheka, nikasema asante mke wangu umenifurahisha sana. Usiku usingizi haukuja, na wala sio pesa nlikuwa naiwaza. Nlikuwa najiuliza hivi huyu mtu nikiwa pembeni yake nahangaika na chafya huwa ananiona kweli au ananisikia tu kama redio ya chumba cha pili.

Mwaka uliofuata pafyumu nyingine. Wa tatu nyingine tena, kubwa zaidi, maana kwa maneno yake ile ya kwanza niliipenda sana. Chupa 3 ziko kwenye droo hazijaguswa na mi kila mwaka nazidi kutabasamu.

Kwa hiyo ndugu yangu akisema kutoa ni moyo namkubalia kabisa, ila asikimbie hapo, kwa sababu huo moyo ndo tunaouulizia. Wengi tunaolalamika hatujasema zawadi ilikuwa ndogo, tunasema hii angeweza kupewa mtu yeyote anayepita barabarani. Mtu anakununulia shati la saizi ambayo hujawahi kuvaa toka mjuane na nguo zako anazikunja yeye kila wiki. Hereni kwa mtu ambaye hajatoboa masikio. Kadi ya jimu kwa mwanamke ambaye juzi tu alikuwa analia kuhusu mwili wake, sasa hapo umempa zawadi au umemtumia ujumbe? Na iliyo mbaya kuliko zote kwangu mimi ni ile ya kumnunulia mwenzako kitu unachokitaka wewe. Hiyo nimeifanya mwenyewe na bado inaniuma. Nilimletea mke wangu spika kubwa ya muziki, nikaiita sapraizi, wakati yeye akirudi kazini anachotaka ni utulivu, asiongeleshwe hata saa nzima. Alishukuru kwa sauti ndogo sana. Spika nikaitumia mimi toka siku ile ile, na ilinichukua muda mrefu mno kuelewa nilichomfanyia mtu anayetafuta kimya ndani ya nyumba yake.

Baadaye nikaanza kusoma soma kuhusu haya mambo, kumbe kuna watu wameyachunguza. Mwaka 2016 huko Marekani watafiti Jeff Galak, Julian Givi na Elanor Williams waliandika kwamba mtoaji na mpokeaji hawaangalii kitu kimoja, mtoaji akili yake yote iko kwenye ile dakika ya kufungua, mwenzake atashtuka vipi, atacheka vipi, na mpokeaji yeye anawaza hiki kitu ntaishi nacho vipi kesho na keshokutwa. Nikakumbuka ile riboni na wale watu waliotuzunguka, nikakumbuka na spika yangu, maana na mi nilikuwa nimeshapiga picha kichwani sura yake itakavyokuwa siku ya kuifungua, ila ya siku ya pili sikuiwaza kabisa.

Halafu kuhusu hiyo tamaa. Mwanauchumi Joel Waldfogel mwaka 1993 alichapisha hesabu zake, aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu zawadi za Krismasi walizopewa wao wanaziona zina thamani gani ukilinganisha na bei iliyolipwa dukani, akakuta kati ya asilimia 10 na theluthi ya thamani inapotea hivi hivi, lakini za marafiki na wapenzi zilipoteza kidogo kuliko za ndugu wa mbali. Ndo hicho ninachosema mimi. Shangazi anayekuona mara moja kwa mwaka akikosea unacheka yanaisha. Wa kulala naye kitanda kimoja unamtegemea zaidi, una haki ya kumtegemea zaidi, na akikosea kidonda kinakuwa kikubwa kwa sababu hiyo hiyo, hapo tamaa iko wapi?

Na wale wanaosema wanaume hatujali zawadi, mwaka 2008 mwanasaikolojia Elizabeth Dunn na wenzake walifanya majaribio, wanaume walioamini wapenzi wao wamewachagulia zawadi mbaya wakaanza kuona hawafanani nao na matumaini ya uhusiano yakashuka, ila kwa wanawake ikawa kinyume, kama vile wanautetea uhusiano. Hiyo iliniogopesha kwa kweli. Maana mwaka ule wa tatu mi nilishaanza kujiambia ndani kwa ndani labda hatuendani, kwa ajili ya chupa jamani, na mwenzangu hajui lolote anaona meno tu.

Ukweli ulitoka siku anatafuta chaja kwenye droo akazikuta chupa zote 3 zimejaa kama zilivyotoka dukani. Akaniuliza taratibu tu. Nikamwambia yote. Alikaa kitandani akalia, na alichosema sikukitegemea. Kumbe kabla hatujaoana niliwahi kumwambia natamani na mimi siku moja ninukie vizuri kama wanaume wenzangu, mi nilishasahau, yeye hakusahau. Alizunguka maduka mengi akiuliza ipi ni laini isiyosumbua mwenye aleji, akashauriwa ile, na nilivyocheka na kusema umenifurahisha akaamini imenikubali, akawa kila mwaka anajibana arudie kitu pekee anachojua nakipenda. Akaniambia miaka yote hiyo mume wangu ulikuwa unaniigizia?

Sasa msomaji mwenzangu aniambie, hapo tamaa ilikuwa ya nani. Moyo ulikuwepo, mwingi tu, nilichokosa mi ni mdomo, na mdomo niliufunga kwa sababu ya maneno kama haya anayoyaandika yeye, zawadi haichaguliwi, shukuru ulichopewa, wangapi hawana. Tumefundishwa kunyamaza afu tunashangaa kwa nini kosa linajirudia. Mwambie mwenzako, ila sio siku ile ile na sio mbele za watu, subiri mkiwa wawili mmetulia, na wewe unayeambiwa usinune, muulize tu angependa nini, kumuuliza hakuiharibu zawadi hata kidogo.

Sisi toka siku ile tunaambiana. Mwaka jana hakuninunulia kitu. Begi langu la kazini zipu iliharibika zamani nikawa nafunga na pini, kila asubuhi inanichoma vidole. Alilichukua kimya kimya akalipeleka kwa fundi, asubuhi ya besidei nikalikuta mezani lina zipu mpya, nikalifungua na kulifunga nadhani mara kumi. Wala halikufungwa riboni.

Kabla ya hapo alininunulia shati la bluu, saizi yangu, rangi yangu, nalipenda kuliko mashati yangu yote na nalivaa mpaka kola imeanza kuchakaa. Ila mpaka leo kila nikilivaa ananiangalia afu ananiuliza, hili ulilipenda kweli? Namwambia nimelipenda mke wangu, naapa. Anaitikia sawa, lakini naona kabisa hajaamini, na hilo nimelitengeneza mwenyewe.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.