Umeme wa mawimbi uanzie kwenye madiko ya wavuvi

Mhariri,

Kila panapotajwa uwezekano wa kuzalisha umeme kutokana na mawimbi ya Bahari ya Hindi, mjadala huelekea haraka kwenye mashine: ni ya aina gani, itadumu miaka mingapi, itatoa kilowati ngapi. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini sisi wakazi wa Pwani ya Kenya tunapaswa kuulizana kwanza habari za fedha, leseni, nyaya na, zaidi ya yote, wavuvi.

Ureno ilizindua mashine tatu za umeme wa mawimbi za aina ya Pelamis huko Aguçadoura mnamo Septemba 2008, zikiwa na uwezo wa megawati 2.25 kwa pamoja. Zilipata hitilafu ambayo mafundi wangeweza kuirekebisha, lakini mbia mkubwa wa mradi, kampuni ya Babcock & Brown, aliporomoka katika msukosuko wa fedha uliokumba dunia, na mashine zilizovutwa hadi bandarini Novemba mwaka huohuo hazikurudi tena baharini. Huko Reedsport, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, kampuni nyingine ilipewa leseni ya mradi wa megawati 1.5 mwaka 2012 na kuirudisha 2014 bila kuuza hata yuniti moja ya umeme.

Hata hivyo, ni Oregon hiyohiyo iliyonipa matumaini. Chuo Kikuu cha Oregon State kilipotaka eneo la kujaribia mashine karibu na mji wa Newport, hakikufika kwa wavuvi wa kaa na ramani iliyokwisha kuchorwa. Wavuvi walikuwa na kamati yao, nao walishiriki kuamua ni sehemu gani ya bahari inayoweza kutolewa bila kuwanyima riziki. Leseni ya eneo hilo, linaloitwa PacWave, ilitolewa mwaka 2021 baada ya kazi ya miaka mingi, na sasa mwenye mashine ya kujaribu hukuta kibali kikuu na nyaya za kufikisha umeme pwani vimekwisha kushughulikiwa. Kampuni changa isiyo na mtaji mkubwa haiwezi kubeba mzigo huo peke yake.

Sisi tunajua gharama ya kufanya kinyume. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari, ikisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi wa umeme wa upepo wa Kinangop ulivunjika kwa sababu ya mgogoro wa ardhi na wakazi, na kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo ilikaa bila kazi hadi 2018 ikisubiri laini ya kuufikisha umeme kwenye kituo cha Suswa. Katika miradi hiyo miwili, upepo ulikuwapo na mitambo ilipatikana.

Kwa upande wa bahari, kuna jambo ambalo ramani ya mawimbi pekee haiwezi kulionyesha. Mawimbi yetu huwa makubwa zaidi wakati wa kusi, na ndio wakati vyombo vidogo vinapobaki ndani ya mwamba wa matumbawe kwa sababu nje hakuendeki. Mtu wa ofisini anaweza kudhani kwamba mashine iliyowekwa nje ya mwamba haitamgusa mvuvi yeyote katika miezi hiyo. Lakini kebo yake lazima ivuke mwamba na kupita katika maji yaleyale ya ndani ambako wavuvi wote wamebanana, penye malema, nyavu na kina mama wanaotafuta pweza maji yakipwa. Mlango upi wa mwamba upitishwe kebo na upi uachiwe mashua ni swali ambalo nahodha wa Kilifi au wa Gazi anaweza kulijibu kabla mshauri yeyote hajalipwa.

Ninakiri kwamba mawimbi ya kwetu hayana nguvu kama ya Scotland au Ureno, na kwa hiyo tukianza, tuanze kwa udogo. Mji wa Mutriku, katika nchi ya Basque huko Uhispania, uliweka turbini 16 za jumla ya kilowati 296 ndani ya ukuta wa kukinga bandari ambao ulikuwa unajengwa vyovyote vile, na umeme ukaanza kutoka mwaka 2011 bila kutwaa eneo jingine la bahari.

Ninaiomba Wizara ya Nishati, pamoja na serikali za kaunti zote za Pwani, ziketi na kamati za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, za kila diko, mara moja wakati wa kaskazi na mara ya pili wakati wa kusi, zichore pamoja ramani ya maeneo ya uvuvi na njia za vyombo, na ramani hiyo itangazwe kabla mwekezaji yeyote hajapewa barua ya kufanya utafiti.

Msomaji wako,
Kilifi