Malalamiko: Mashine ya maji mliyoniuzia haiondoi chumvi, inaongeza

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Habari ya kazi. Mimi ni mteja wenu wa huku Utawala, Nairobi, nina hoteli ndogo ya chai na chakula cha mchana. Nimepiga simu, nimetuma meseji, nikaletewa fundi akabonyezabonyeza vitufe akaenda zake, sasa naandika ndio kuwe na kumbukumbu. Mliniuzia mashine ya kusafisha maji ya kisima pamoja na tangi la stenlesi, na kwenye kotesheni yenu, ambayo ninayo mpaka leo, mmeandika "inaondoa chumvi yote". Haiondoi. Na si ati imeharibika, hapana, hiyo mashine haikutengenezewa hiyo kazi, hata ingekuwa inatoka kwa boksi leo asubuhi.

Wacha nieleze vizuri juu naona kwenu hapo kila mtu ananijibu tofauti. Huku kwetu maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, ile siku yao, mkikosa kuamka usiku mjaze madramu basi ni hadi wiki ingine, kwa hivyo plot yetu inatumia kisima, na maji ya kisima ni ya chumvi, hilo kila mtu wa huku anajua. Githeri linaiva haraka nayo, hapo siwezi kuyanyima haki yake. Lakini chai! Mteja anakunywa nusu kikombe ananiangalia, "Mathe, leo sukari imeisha ukatumia chumvi?" Ndio nikawatafuta nyinyi.

Sasa mashine mliyoleta ni ya kulainisha maji magumu. Ndani ina zile punje za risini, kama shanga ndogo za plastiki, zimeshika sodiamu, maji yakipita punje zinanyakua kalsiamu na magnesiamu, zinaachilia sodiamu. Ni mashine nzuri kwa mtu ambaye maji yake hayatoi povu la sabuni na birika lake linajaa magamba. Mimi sina hiyo shida. Maji mengi ya visima vya Nairobi yana sodiamu nyingi tayari na kalsiamu kidogo, mtu wa maji anatakiwa kujua hivyo kabla hajashika spana, na angepima kwanza angeona. Na ile ladha ya chumvi inataka sodiamu na kloridi zikiwa pamoja, hivyo viwili ndivyo vinatengeneza chumvi ya mezani, na kloridi ina chaji hasi, punje zenu zinabadilishana vitu vya chaji chanya peke yake, kwa hivyo kloridi inapita hapo katikati bila kuulizwa kitu, inaingia kwa tangi, inaingia kwa sufuria, inaingia kwa chai. Mmenitolea kalsiamu kidogo niliyokuwa nayo mkanipatia sodiamu zaidi halafu mkaita hiyo kuondoa chumvi.

Na bado. Ili hizo punje zipate nguvu tena lazima mashine ijioshe na maji ya chumvi kali, ndio maana mnaniuzia gunia la kilo 25 kila mara, na baada ya kujiosha inafaa ijisuuze mpaka ile chumvi yote iende kwa mtaro. Valvu ya hii yangu haifungi sawasawa, kwa hivyo ile chumvi inaingia kwa maji yangu. Nikapeleka maji maabara, chupa moja ya kabla ya mashine na moja ya baada, na nikaomba kukaa nione. Yule dada wa maabara aliweka matone ya kromati, maji yakawa ya njano, halafu akawa anadondosha silva naitreti polepole kutoka kwa ile burette ndefu huku anazungusha chupa, unaona weupe kama maziwa yaliyoganda unajitokeza, huo ndio kloridi inashikwa na fedha, mpaka yote ikiisha ndio rangi inageuka ghafla inakuwa kama ya tofali, anasimamisha, anasoma. Chupa ya kabla ilikuwa na kloridi 430 mg kwa lita. Ya baada ya mashine yenu, 640. Kiwango cha maji ya kunywa kwetu ni isizidi 250. Yaani maji niliyolipia kusafishwa yametoka machafu kuliko yalivyoingia, na risiti ya maabara nimeambatisha msiseme ni maneno ya mdomo. Floridi nayo, ambayo si kloridi, ni kitu kingine, iko juu ya ile 1.5 inayoruhusiwa, hiyo pia mashine yenu haigusi, na hii ndio inawaachia watoto meno ya kahawia, lakini hiyo sikuwauliza mwanzo kwa hivyo naiweka kando.

Nilipowaambia hivyo, kijana wenu wa mauzo akanijibu ati niweke maji kwa ndoo bila kifuniko usiku mzima "klorini iende na hewa". Klorini ndiyo inaenda na hewa, ni ile dawa ya kuua viini, ina harufu, ukiiacha wazi inapungua. Kloridi haina harufu na haiendi popote. Hata ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na kloridi inabaki, kwa hivyo chumvi inazidi kuwa kali. Hebu mje muone sufuria nikiacha maji yakauke kwa moto, kunabaki ukungu mweupe chini, ulambe kidogo utajua ni nini. Mtu anayeuza mashine za maji asiyejua tofauti ya hivi vitu viwili msimtume kwa mteja.

Halafu likaja lile jibu lililonikasirisha kabisa. Ati "Mathe usijali, mwili unahitaji kloridi, hata ORS iko nayo," ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa mtu anayeharisha. Ni kweli mwili unaihitaji, sikatai, bila kloridi tumbo halitengenezi asidi ya kusaga chakula, na kwenye damu ndiyo inakaa na sodiamu kulinda kiasi cha maji mwilini, kawaida iko kati ya 96 na 106 milimoli kwa lita, na figo zinafanya kazi mchana na usiku kuhakikisha haitoki hapo. Mtoto akitapika sana anapoteza ile asidi ya tumbo na kloridi inashuka, damu inaharibika usawa wake, ndio maana anapewa ORS. Lakini ORS ni dawa iliyopimwa. Pakiti ya lita moja inafuata kipimo cha WHO na UNICEF cha 2002, chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, potasiamu na sitrati pia, ili lita nzima iwe na kloridi milimoli 65, si 50 si 90. Glukosi ndiyo inasaidia sodiamu kupenya kwa utumbo na maji yanafuata. Maji yangu ya kisima hayana glukosi wala kipimo. Na fikiria mama wa plot yetu achanganye hiyo pakiti na haya maji ya 640, ameshaongeza milimoli kama 18 juu ya zile 65, kwa mtoto anayeharisha. Nimewaambia majirani maji ya ORS wanunue ya dukani, nyinyi hamkuwaambia.

Hesabu ingine rahisi. Kloridi ni kama asilimia 60 ya uzito wa chumvi ya mezani. Kwa hivyo 640 mg za kloridi, zikiwa zimekuja na sodiamu yake, ni zaidi kidogo ya gramu moja ya chumvi kwa kila lita. Mtu akinywa lita mbili amemeza gramu mbili kabla hajaonja chakula, na WHO inasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja cha chai. Mama yangu mzazi anakaa na mimi, ana presha, daktari amemkataza chumvi, na anakula ugali bila chumvi kwa uaminifu kabisa, halafu mimi nampikia na maji yenu. Sisemi kloridi ni sumu, WHO yenyewe haijaiwekea kikomo cha kiafya kwa maji, hiyo 250 ni zaidi mambo ya ladha. Lakini kazi ya sodiamu kwa mtu wa presha tunaijua sote, na mashine yenu inaongeza hiyo hiyo sodiamu.

Tangi sasa. Mlisema stenlesi haishiki kutu milele. Njooni muangalie pale pembeni walipochomelea, kuna vidoa vya kahawia vidogo vidogo kama vipele, ukikwangua moja na kucha unapata katundu, na mbili zimeshatoboka kabisa maji yanatiririka hadi kwa ukuta. Fundi wa welding wa hapa karibu aliangalia tu akasema hii ni 304, ile aina ya kawaida ya stenlesi. Stenlesi inajilinda na ngozi nyembamba sana ya kromiamu na oksijeni, na adui wa hiyo ngozi ni kloridi, inaitoboa mahali padogo, na ikishatoboa inachimba kwenda ndani badala ya kusambaa, ndio maana nje unaona kidoa tu kumbe chuma kimeisha. Kwa maji ya aina hii mngeniuzia aina ya 316 ambayo imeongezwa madini ya molibdenamu inayovumilia kloridi zaidi, ama mngeniambia tu ukweli kwamba tangi la plastiki lingetosha, ni bei ya chini lakini halingetoboka.

Maji ya kujiosha ya mashine nayo mlielekeza bomba nyuma ya plot. Sukuma wiki zangu zimeungua kingo za majani zote, na landlord anasema yale maji yanalowesha nguzo ya jengo, na ana haki kulalamika juu kloridi ikipenya simiti ikafika kwa nondo, nondo zinaanza kutu, kutu inavimba, nguzo inapasuka. Hilo jibuni nyinyi, si mimi.

Ninachotaka ni hiki. Mje mchukue mashine na tangi mnirudishie pesa zangu zote, pamoja na zile nimelipa kila mwezi kwa mpango wa lipa pole pole, pamoja na magunia ya chumvi. Ama mniletee mashine ya RO, ile ya kusukuma maji kwa presha kupita kwa membreni, hiyo ndiyo inatoa kloridi na floridi pia, na mnipatie tangi linalofaa, bila kuniongezea hata shilingi, na kabla ya kufunga mnionyeshe kwa maandishi yale maji machungu itakayoyatema yataenda wapi, juu RO nayo inatema mengi na sitaki yaende kwa nguzo tena. Baada ya kufunga mpime kloridi nikiwepo. Mkinipa fundi mwingine wa kubonyeza vitufe nitamrudisha getini.

Katiba yetu Ibara ya 46 inampa mteja haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, nimezisoma zote mbili. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi huu, hapo nikiwa bado nangoja nitapeleka hii barua na matokeo ya maabara mbele. Na makato ya mwezi huu sitalipa mpaka tuongee.

Nipigieni kuanzia saa tisa mchana, kabla ya hapo nina wateja na siwezi kushika simu.

Mteja wenu,
Mwenye hoteli, Utawala

Nimeambatisha: kotesheni, risiti, matokeo ya maabara ya chupa zote mbili, picha za tangi na za sukuma wiki.