Metali isiyo na ndani

Salma rafiki yangu,

Salamu nyingi. Swali lako halijanitoka kichwani: volteji itageuzaje sumaku, ilhali uga wa umeme hauingii ndani ya metali? Umesema kweli. Elektroni huru hukusanyika usoni na kuuzima uga huo kabla haujavuka hata atomu moja au mbili. Kwenye kipande cha kawaida ungeongeza volteji mpaka uchoke, sumaku isingetikisika.

Sasa fikiria metali nyembamba mno, haina ndani. Tabaka la chuma lenye safu chache tu za atomu karibu lote ni uso! Ukilifunika kwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, tuseme oksidi ya magnesiamu, kisha ukaweka volteji, elektroni za pale mpakani hujipanga upya kidogo. Mpangilio huo ndio unaochangia kuamua kama sumaku itapenda kusimama wima au kulala sambamba na tabaka. Kwa hiyo pingamizi lako ndilo lililowaonyesha watafiti pa kupita.

Mwaka 2007 matabaka ya aloi ya chuma na platinamu, unene wa nanomita 2 hivi, yalitumbukizwa katika kimiminika chenye ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Badiliko la volti 0.6 likapunguza nguvu inayohitajika kuigeuza sumaku kwa asilimia 4.5. Ni kidogo, lakini niliposoma nilishindwa kukaa. Mwaka 2009 watafiti wa Japani, kwa chuma na kihami kigumu, walibadili upendeleo ule wa mwelekeo kwa takriban asilimia 40.

Nalipenda jambo hili kwa sababu ya joto. Kumbukumbu za sumaku kwenye kompyuta huandikwa kwa kusukuma mkondo, na mkondo hupoteza nishati. Kihami hakipitishi mkondo wa maana.

Ugumu uko kwenye muda. Volteji humlegeza sumaku tu, haimwambii aelekee wapi. Akilegea huanza kuzunguka, na inabidi uikate volteji akiwa amefika nusu ya mzunguko, ndani ya nanosekunde moja hivi. Ukichelewa, hurudi alikotoka. Wengine hutumia volteji kuzivuta ioni za oksijeni ziingie kwenye tabaka la kobalti, metali nyingine ya sumaku, au zitoke. Badiliko hilo hubaki hata umeme ukikatwa, ila ioni huenda polepole mno. Mimi bado nimeng'ang'ania elektroni. Wewe ungechagua njia gani? Niandikie upesi, na usinionee haya ukiona nimekosea.

Wako,
Idi