Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lamu

Assalamu alaikum wanachama wenzangu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naanza na lile mlilolisema barazani badala ya kikaoni: mbona chama bado kinatoa nauli ya kwenda kutibiwa Mombasa kwa kijana wa Langoni mwenye lukemia, yaani saratani ya damu, na kila alasiri tunamwona uwanjani Mkunguni akikimbizana na wenzake?

Lukemia inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Mwezi wa kwanza ndio mzito: sindano za vinkristini, ambayo ni dawa ya saratani, vidonge vya steroidi, na dawa inayotiwa katika maji ya uti wa mgongo kwa kuwa maradhi hujificha huko. Baadaye nywele huota, mtoto hucheza. Hapo ndipo wazazi wengi huacha, na ugonjwa hurudi ukiwa mkaidi zaidi. Kijana yule bado anameza merkaptopurini, dawa ya kuzuia ugonjwa usirudi, kila usiku. Mamake hutia alama kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya mtungi. Nauli itaendelea. Mwenye kupinga aseme leo.

(Vinkristini asili yake ni lile ua la vinka, la rangi ya waridi, lililomo nyuani mwetu. Msichemshe majani yake, ni sumu.)

La pili ni kuchelewa. Binti tuliyempokea mwaka huu alitibiwa malaria mara tatu katika zahanati moja, hata fizi zikaanza kuvuja damu na miguu ikajaa madoa meusi kama aliyepigwa. Sisi watu wa pwani kila homa twaiita malaria, hata kipimo kikikataa. Kipimo cha hesabu kamili ya damu ndicho kilichotuzindua. Uhakika ukapatikana Mombasa, uboho ulipovutwa kwenye nyonga. Homa isiyokoma, viganja vyeupe, mifupa kuuma: ombeni hesabu kamili ya damu. Na mtoto asipewe steroidi kwa kubahatisha, huuficha ugonjwa.

Nilipokosea mimi ni chombo cha kuvukia. Mtoto aliye kwenye kemo, yaani dawa kali za saratani, akishikwa na homa hangoji asubuhi, maana kinga yake iko chini. Mzazi wetu wa Faza alinipigia usiku, maji yamekupwa, mkondo wa bahari wa Mkanda haupitiki, nami sina namba ya nahodha hata mmoja. Walivuka alfajiri, mtoto alipona, alhamdulillahi. Sasa manahodha wawili wamekubali kuitwa saa yoyote, na maji yakiwa yanakaribia kupwa, mzazi avuke mapema, hata joto la mtoto likiwa dogo.